Si vitambaa tu jamani

Mmeuliza wiki hii wanawake wa zamani walijisitiri vipi siku zao kabla ya pedi za dukani. Watu wengi ukiwauliza wanakujibu "si vitambaa tu" halafu basi, yaani kama vile kitambaa kinakaa chenyewe! Bibi yangu wa Tanga alikuwa anachana kanga iliyochakaa, ile iliyofuliwa mpaka imelegea kabisa maana mpya hainyonyi, anakunja weee, anafunga kamba kiunoni halafu sodo inapita katikati ya miguu, inabanwa kwenye kamba mbele na nyuma. Kufua ni maji ya baridi, ukitia ya moto damu inagandia humohumo, na kuanika ni chini ya kanga nyingine ili watu wasione. Yote hayo alifundishwa na kungwi wake, mama mzazi hata mdomo hakufungua.

Na msidhani wazungu walikuwa mbali. Marekani mpaka mwaka 1900 huko wanawake wengi walikuwa wanakunja vitambaa vilevile, wanabana kwa pini au mkanda. Johnson & Johnson walishatoa pedi za kutupa miaka ya 1890 lakini hazikununuliwa, nani angesimama mbele ya muuza duka mwanaume aseme nipe ile? Kilichogeuza mambo ni Vita Kuu ya Kwanza. Kimberly-Clark walikuwa wanatengeneza bandeji za nyuzi za miti, zinanyonya kuliko pamba na bei chee, manesi wa vitani wakazijaribu kwa shida zao wenyewe wakaona zinafaa. Vita ikaisha, kampuni ikabaki na mzigo, 1920 ndo ikaingiza pedi za Kotex sokoni. Aibu bado ipo palepale! Ikabidi maduka yapange maboksi juu ya kaunta na kopo la hela pembeni, unatumbukiza senti zako unabeba unaondoka, hakuna kusemeshana. Mi naona aliyewaza lile kopo aliwaelewa wanawake kuliko hata aliyetengeneza pedi. Mkanda wenyewe wa kubania pedi watu waliuvaa mpaka kwenye 1970 hivi, pedi za gundi zilipoingia.

Kingine watu wanasahau hesabu. Zamani binti anachelewa kuvunja ungo, akiolewa ni mimba, kunyonyesha, mimba tena. Mtafiti Beverly Strassmann alikaa na Wadogon wa Mali, watu ambao hawakuwa wanatumia uzazi wa mpango, akakuta mwanamke anapata hedhi kama 100 hivi maisha yake yote, wakati hawa wa mjini siku hizi zinagonga mpaka 400. Kwa hiyo wale wajomba wanaosema bibi zetu waliweza kwa nini nyie mnalialia pedi, bibi zenu walikuwa wanapumzika mwaka, miwili bila kuiona, na hawakuwa wanakaa kwenye dawati toka asubuhi mpaka saa tisa kwenye shule ambayo choo chake hakina hata maji.