Uliza tarehe kwanza

Vijana wanaomaliza masomo ya sheria hunipigia kuuliza wafanyeje wawe mawakili wa mazingira. Wanataka tuongee mkataba wa Paris, hewa ukaa, umeme wa jua. Mimi huwauliza kama wana kalenda ukutani.

Sitanii. Mwaka wangu wa tatu kazini, mama mmoja wa upande wa Bunyoro, magharibi mwa Uganda, alipanda basi hadi Kampala akiwa amepakata mkebe wa mafuta ya kupikia. Ndani mlikuwa na karatasi ya tathmini ya shamba lake, imekunjwa mara nne, wino wa dole gumba umechafua mstari mzima. Laini kubwa ya umeme ilikuwa ipite kwake. Tulielewana kwa Kiswahili: mimi nimelelewa Bombo, yeye chake alikiokota sokoni Bweyale.

"Wakili mwanangu, hapa wameandika miembe minne. Mimi ninayo kumi na mmoja."

"Ile saba hawakuiona?"

"Waliiona. Walisema bado mitoto."

Umeme wenyewe ulikuwa wa maji, ule tunaousifu kila siku kuwa ni nishati safi. Nami nausifu bado. Wengi wetu tunapikia kuni na mkaa, na misitu inakwisha. Ila nguzo hazisimami hewani. Zinasimama kwenye shamba la mtu.

Kosa langu ni kwamba nilitaka kesi kubwa. Nilijifungia maktaba na ibara ya 39 ya Katiba, haki ya mazingira safi na yenye afya, nikaandika kurasa tamu kweli. Kumbe ukitaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa ofisi ya umma, una miezi mitatu tu. Barua iliyokataa malalamiko ya mama ilikuwa na tarehe juu kabisa, upande wa kulia. Nilipofika masjala nilikuwa nimechelewa siku kumi na moja. Niliomba kuongezewa muda, jaji akaniuliza sababu. Ningemwambia nini, kwamba nilikuwa nasoma?

Mama hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Wakubwa pia huanguka hapo. Novemba 2020 mashirika manne yalikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki kupinga bomba la mafuta la Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443. Miaka mitatu baadaye kesi ikatupwa, si kwa sababu bomba ni zuri au baya, bali ilifunguliwa nje ya muda. Kule ni miezi miwili.

Kwa hiyo mteja akikaa, kabla hata ya chai, muulize karatasi aliipokea lini. Kisha nenda shambani mwenyewe na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mhesabu pamoja, naye atie sahihi. Omba wilayani orodha ya bei za mazao, maana bodi ya ardhi inatakiwa kuipitia kila mwaka, na ya zamani humpunja mtu. Na usisahau posho ya usumbufu: Sheria ya Ardhi inampa mwenye shamba asilimia 15 juu ya fidia, au 30 ikiwa notisi ya kuhama haikufika miezi sita. Mama alikuwa amepewa miezi minne na kuandikiwa 15. Ile 30 tuliipata mezani, bila kesi, pamoja na miembe mitano kati ya ile saba. Hata kulipwa kabla ya ardhi kuchukuliwa ni haki, iko ibara ya 26 ya Katiba.

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2021 inamruhusu mtu kwenda Mahakama Kuu dhidi ya serikali au hata kampuni. Vijana wanaipenda, nami naipenda. Ila mteja wa kijijini nitamwanzia na Sheria ya Ardhi.

Jambo moja zaidi, na hili hufundishwa haraka sana darasani. Anayemwandikia hati mtu asiyejua kusoma anapaswa kuandika humo jina lake na anwani yake, na kwa kufanya hivyo anakiri kwamba alimsomea na kumweleza. Tazama chini ya dole gumba. Kwenye karatasi ya mama nafasi hiyo ilikuwa tupu. Niliiona siku narudisha faili kabatini, kesi imeshatupwa.