Kabla hujagusa anwani za kurasa, soma hapa kwanza

Wadogo zangu, Ijumaa iliyopita saa kumi na moja jioni nimemkuta mmoja wenu anabadili anwani za tovuti nzima ya mteja kwa mkupuo, ili aingize maneno yanayotafutwa na kuipandisha Google. Nimemzuia. Kila mwaka naliona kosa hili hili kwa sura mpya, na nawapenda mno kuwaacha mlirudie.

1. Maneno ndani ya anwani yana uzito mdogo sana kwenye kupanga matokeo; Google wenyewe wamelisema hilo. Anayefaidika ni msomaji: akiona /chanjo-ya-kideri kwenye kundi la WhatsApp anajua anachofungua, akiona ?id=57 anasita. Basi ukurasa mpya upeni jina zuri siku ya kwanza. Wa zamani wenye wasomaji wake, uacheni.

2. Tenganisheni maneno kwa kistari cha kawaida, si mstari wa chini. Herufi ndogo tupu, maana Kuku na kuku ni anwani mbili. Na jamani, kwenye ng'ombe ondoeni ile alama, andikeni ngombe, kabla hamjapewa %27, yaani msimbo wa alama hiyo, katikati ya neno.

3. Ikibidi kuhama, elekezeni anwani ya zamani kwenda mpya kwa 301, yaani jibu la seva kwamba ukurasa umehamia kwingine moja kwa moja, ukurasa kwa ukurasa. Hapa nina kidonda.

Niliwahi kusimamia tovuti ya wafugaji niliyoiandika mwenyewe kwa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti. Anwani zote zilikuwa ukurasa.php?id= na namba. Usiku mmoja nikazisafisha zote, zikawa /kuku/kideri, /ngombe/ndigana, nikalala nimeridhika. Asubuhi kila kiungo cha zamani kilitoa 404, yaani ukurasa haupo. Wiki mbili baadaye wageni kutoka Google walikuwa wamebaki wachache mno, nami nikaongeza kosa juu ya kosa: nikaelekeza anwani zote za zamani kwenye ukurasa wa mwanzo. Google huzihesabu hizo kama 404 tu, hata kama seva inajibu vizuri.

Kilichoniuma si Google. Mama mmoja mfugaji alipiga simu. Afisa ugani alikuwa amemtumia kiungo cha ratiba ya chanjo miezi kadhaa nyuma, kuku wameanza kufa, anafungua anakuta ukurasa wa mwanzo wenye picha kubwa ya "Karibu", na hakuna ratiba. Nilimsomea kwa simu, mstari kwa mstari. Wakati huo wengine wangapi walifungua wakakata tamaa bila kupiga?

Nilitaka kurekebisha siku hiyo hiyo, nikakuta nilipohamisha majedwali ya hifadhidata namba za makala zilianza upya kutoka 1. Kideri haikuwa tena 57, na nakala ya akiba nilikuwa nimeifuta. Ikabidi nichimbe rekodi za seva kupata namba za zamani, nizifungue moja moja kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, inayohifadhi nakala za kurasa za zamani, nijue kila namba ilikuwa makala gani, kisha niandike 301 yake. Usiku baada ya usiku. Zipo ambazo hazikuwa zimehifadhiwa, na hizo sijazipata mpaka leo.

4. Mkishahama, badilisheni viungo vya ndani, tagi ya kanonikali (inayoiambia Google anwani rasmi ya ukurasa) na ramani ya tovuti (faili lenye orodha ya anwani zake). Msimpitishe mtu vituo vitatu vya kuelekezwa kufika mahali pamoja. Google wanashauri 301 idumu angalau mwaka 1. Mimi siziondoi kabisa, kwa sababu ujumbe wa WhatsApp haujui mwaka umeisha.

5. Msihamishe kitu Ijumaa. Atakayepiga simu Jumamosi hatampata mtu.

Wewe wa Ijumaa, najua ulitaka kumfanyia mteja jambo jema. Jumatatu njoo na jedwali la safu mbili, anwani ya zamani kushoto na mpya kulia, bila mstari ulio wazi. Tutalipitia pamoja.