Fundi wa Nyumba: Ukuta wa trela unavimba, rangi haishiki

*Fundi, jambo. Baada ya miaka ya kupanga hapa Lexington, Kentucky, tumenunua trela iliyotumika, yaani nyumba iliyojengwa kiwandani, ya mwaka 1994. Nyumba ni yetu, kiwanja tunakodi. Ukuta wa nje ni wa ubao, si wa plastiki. Upande wa mashine za kufulia ubao umevimba chini. Ukibonyeza kwa kidole, kinaingia. Chini ya dirisha la jikoni vichwa vya misumari vimezama na rangi inabanduka. Mume wangu alipaka rangi mpya mwaka jana, baridi ilipopita ikatoka tena. Jirani anasema tupigilie saidingi (mbao za kufunika ukuta wa nje) ya plastiki juu yake, mambo yaishe. Nakutumia picha.*
*Mama wa Watano, Kentucky*

Mama wa Watano, hiyo picha ya sketi ya nyumba, ule uzio unaofunika nafasi chini ya sakafu, ndiyo iliyonionyesha mchawi. Bomba la mashine ya kukausha nguo linaishia chini ya sakafu, ndani ya sketi. Nguo za watoto watano! Maji yote yanayotoka kwenye hizo nguo yanapulizwa chini ya nyumba kama mvuke, hayana pa kwenda, yanatafuta ukingo wa chini wa ubao. Unaweza kupaka rangi hiyo kila mwaka mpaka wajukuu wazaliwe.

Huo ubao ni hadibodi. Haukupasuliwa kwenye gogo. Ni nyuzi za mbao zilizochanganywa na gundi na nta, zikashindiliwa kwa joto. Usoni ni mgumu na maji yanateleza. Tatizo liko kwenye kingo zilizokatwa na kwenye matundu ya misumari: hapo unafyonza maji kama mkate kwenye chai, na ukishavimba haurudi ulivyokuwa hata ukikauka. Wenye nyumba wengi Marekani walishtaki watengenezaji kwa kasoro hii miaka ya 1990 na kulipwa fidia, lakini muda wa kudai ulishapita, kwa hiyo atakayekuja mlangoni kuwauzia fomu za fidia mfukuzeni.

Sasa chukua bisibisi. Tembea kuzunguka nyumba, bonyeza ukingo wa chini kila hatua moja, na pembe za chini za kila dirisha. Ncha ikizama bila nguvu, kipande hicho kimekufa, kitakatwa. Kama pamevimba lakini pagumu, panaokoleka. Weka alama kwa chaki ili mume wako asikisie.

Kabla ya kukata chochote, ondoeni maji. Bomba la mashine litoke mpaka nje ya sketi, na liwe la bati. Lile la plastiki laini linakamata nyuzi za nguo na linaweza kuwaka moto. Kisha mmoja wenu aingie chini ya nyumba atandike nailoni nzito juu ya udongo wote, ile inayouzwa kwa jina la mil 6 (kipimo cha unene), kila kipande kikipanda juu ya mwenzake kama futi moja. Udongo mtupu unatoa unyevu usiku na mchana. Na matundu ya hewa kwenye sketi yawe wazi. Naona mawili mmeyaziba kwa matambara. Najua ni kwa sababu ya baridi, lakini yatoeni.

Dirisha la jikoni ni kesi yake. Asubuhi za baridi, je, kioo kinatiririka maji kwa ndani? Kama ndiyo, mvuke wa chungu unaingia ukutani. Sombe na maharage ni saa nyingi za kuchemsha, na feni nyingine za juu ya jiko zinachuja moshi tu na kuurudisha ndani. Yenu ikiwa hivyo, fungua dirisha kidogo unapopika. Kama kioo ni kikavu, basi maji yanaingia kutoka nje: angalieni juu ya fremu kama kuna kibati kilichokunjwa cha kumwaga maji ya mvua. Kwenye picha sikioni.

Kuhusu kukata, nisikilizwe vizuri. Kwenye trela nyingi ubao huu umepigiliwa moja kwa moja kwenye nguzo za ukuta, nyuma yake ni sufi ya kuzuia baridi tu. Ndio unaozuia ukuta usiyumbe. Msing'oe upande mzima kwa mara moja. Ondoeni kipande, rudishieni, ndipo mwende kinachofuata. Sufi iliyolowa itupwe. Nguzo iliyooza iongezewe mbao nzima ubavuni. Ubao mpya upakwe praima (rangi ya msingi) pande zote kabla ya kupanda ukutani, mgongo na kingo pia, na kila mkato wa msumeno upakwe tena. Msumari uishie usawa wa uso, usizame. Paneli zinapokutana kwa wima acheni nafasi ndogo ya kutanukia, muizibe kwa gundi inayovutika. Zinapokutana moja juu ya nyingine panahitaji kibati, gundi haitoshi. Ukingo wa chini kabisa msiuzibe: maji yakishapenya yanahitaji mlango wa kutokea.

Rangi ni mwisho. Kipima unyevu cha pini si ghali; ubao ukisoma chini ya asilimia 15, pakeni, mikono miwili ya rangi ya akriliki. Ukisoma zaidi ya 20, fangasi wa kuozesha wako mezani, subirini.

Ya jirani: hapana. Plastiki juu ya ubao uliooza inaficha tu, na misumari yake haina pa kushika. Ile methali ya ufa na ukuta mnaijua, siirudii.

Na kile kibati chekundu kidogo kilichopigiliwa nje ya nyumba msikipake rangi wala kukitoa. Kinathibitisha kwamba nyumba ilijengwa kwa sheria ya shirikisho iliyoanza Juni 1976. Siku ya kuuza mtaulizwa kiko wapi.

*Fundi, trela yangu ni ya 1972, ubao unabanduka rangi. Naweza kuukwangua tu na kupaka upya?*
*Kijana wa Kisumu, Texas*

Usiguse kwanza, ndugu yangu. Rangi yenye risasi, yale madini yenye sumu, ilipigwa marufuku kwenye nyumba Marekani mwaka 1978, yako ni ya kabla. Peleka kipande cha rangi maabara kipimwe. Ikikutwa na risasi, usikwangue kavu wala kutumia mashine ya msasa. Vumbi lake linaharibu akili za watoto. Tafuta fundi mwenye cheti cha kazi hiyo. Ikiwa haina, pima kwa bisibisi kama nilivyomweleza Mama wa Watano, uanzie upande unaopigwa na mvua.