Kwa nini mbegu moja tu huingia katika yai
Umeuliza kwa nini mbegu moja tu ya kiume hupenya ilhali nyingi hulizingira yai. Jibu limo katika zona pelusida, yaani utando mzito wa glikoprotini (protini zilizoungana na sukari) unaolifunika yai. Mara mbegu ya kwanza inapoungana na yai, vifuko vidogo vilivyojipanga ndani, ukingoni mwake, humwaga kimeng'enya kinachoikata protini ya utando huo iitwayo ZP2, na tangu hapo mbegu nyingine haziwezi tena kujishikiza. Ulinzi huo ni wa lazima, kwani yai lililoingiwa na mbegu mbili hupata kromosomu za ziada, na kwa kawaida kiinitete chake hakiishi. Utando huohuo, jambo ambalo wengi hulisahau, hukizuia kiinitete kisijipachike mapema katika mrija wa uzazi, hadi kinapochomoza kutoka humo karibu siku ya 5 au ya 6, kikiwa tayari kujipandikiza katika mji wa mimba.