Nimeambiwa nimependa dunia kwa sababu siachi kazi

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 27, ni seremala, nina karakana ndogo hapa Mafinga. Kikundi chetu cha maombi hukutana siku za kazi, saa tatu asubuhi hadi mchana. Wenzangu wawili wameacha vibarua wakisema wanamngoja Bwana. Mimi nahudhuria vipindi vya jioni tu, maana nina kazi za watu. Sasa nasemwa kwamba nimependa dunia, na wao hao hao huja kuniomba hela ya unga. Je, nimepoa kiroho?
Seremala, Mafinga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujapoa. Wala usiweke randa chini kwa ajili ya maneno hayo.

Jambo hili lilikuwepo Thesalonike tangu karne ya 1. Mji ule ulikuwa wa bandari na biashara, na waumini wake walikuwa wakitazamwa kwa jicho baya. Matendo 17 inaeleza nyumba ya Yasoni ilivyovamiwa, akakokotwa hadi kwa wakubwa wa mji, asiachiwe mpaka ametoa dhamana. Watu hao ndio Paulo aliowaandikia wajitahidi kutulia, watende shughuli zao wenyewe na kufanya kazi kwa mikono yao, ili waenende kwa adabu mbele ya walio nje (1 Wathesalonike 4:11-12). Wengine hawakusikia, ndiyo maana barua ya pili ni kali zaidi. Na aliyesema hayo alikuwa mtu wa maombi hasa, tena fundi: kule Korintho alikaa kwa Akila na Prisila wakishona mahema pamoja.

Nimeshonea watu nguo miaka mingi, najua mafundi tunavyosemwa. Mteja ametoa nusu ya malipo, ameahidiwa Ijumaa, Ijumaa inageuka Jumatatu, simu haipokelewi. Jirani yako asiye wa kanisa lenu hasikii maombi ya saa tatu. Anaona kitanda. Anaona kama paini uliyotumia ilikuwa imekauka, au uliipigilia mbichi, masika yalipopita chaga zikapinda na viungo vikaachia. Anakumbuka kama ulimwambia wazi kwamba ni paini, au uliipaka rangi ukamuuzia kwa bei ya mninga. Hapo ndipo anapoupima Ukristo wako, na kwangu hilo ni zito kuliko mengi tunayoyapazia sauti madhabahuni.

Kuhusu wenzako, Paulo alimkemea asiyetaka kufanya kazi. Mgonjwa, mzee, na aliyezunguka akakosa kazi, hao tunawabeba. Waefeso 4:28 inatutuma tufanye kazi tupate cha kumgawia mhitaji. Kwa hiyo kama kuna watoto ndani, unga usiwanyime.

Ila usijibizane nao kwenye kundi la WhatsApp, hata wakikutaja jina. Mwendee kiongozi wa kikundi, wewe na yeye tu, mwombe aweke kipindi cha alfajiri kabla watu hawajaenda kazini. Naamini mama wauza mboga na vijana wa bodaboda watafurahi kuliko hata wewe. Na hao wanaokuja kuomba, waambie wafike karakana Jumatatu. Wape msasa, waonyeshe meza ya kuanzia, na jioni uwalipe kama unavyomlipa kibarua mwingine yeyote.