Kamati Imekubali au Wamekubali?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa kamati ya mradi wa maji katika shirika dogo hapa Dodoma, nami ndiye ninayeandika mihtasari ya vikao kwa Kiingereza, kwa kuwa mfadhili wetu yuko Uingereza. Mwezi uliopita niliandika “The committee have agreed to repair the borehole”. Mwenyekiti akalikata neno “have” kwa kalamu nyekundu na kuandika “has” juu yake, akisema kwamba kamati ni moja. Nilimwonyesha barua ya mfadhili mwenyewe, ambayo imeandikwa “the committee have”, lakini hakukubali. Ni nani kati yetu aliye sahihi? Nimeambatanisha picha ya ukurasa wenyewe. (Msomaji, Kisasa, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Nyote wawili mko sahihi, wala sisemi hivyo ili kuwapatanisha. “Committee” ni miongoni mwa nomino za jamii, yaani majina ambayo kwa umbo ni ya umoja lakini ndani yake mna watu wengi, kama “team”, “family”, “government”, “jury” na “staff”. Kwa majina ya namna hii Kiingereza cha Uingereza humwachia mwandishi nafasi ya kuchagua. Akiiona kamati kama chombo kimoja, kitenzi huwa cha umoja; akiwaona wajumbe waliokaa kuizunguka meza, kila mmoja na lake, kitenzi huwa cha wingi. Marekani nafasi hiyo ni finyu mno. Huko kamati huandikwa kwa umoja karibu kila mara, na ndiyo maana mtu aliyejifunzia katika vitabu vya Kimarekani huliona “the committee have” kama kosa la mtoto wa shule. Sijui kama mwenyekiti wako alisomea vitabu hivyo, lakini hoja yake ndiyo hiyo hiyo.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo maana yenyewe humwondolea mwandishi uchaguzi. Ukitaka kusema kwamba kamati ina wajumbe tisa, utaandika “The committee consists of nine members”, kwa sababu kinachoundwa na watu tisa ni chombo, na hakuna mjumbe mmoja mmoja anayeweza kuundwa na watu tisa. Kinyume chake, wajumbe wakibishana wao kwa wao kuhusu bei ya pampu, Mwingereza ataandika “The committee were arguing among themselves” bila kusita, maana chombo kimoja hakina mtu wa kubishana naye. Mmarekani ambaye masikio yake hayaupendi wingi huo atalitafuta neno “members” na kuandika “The members of the committee were arguing”. Nakushauri nawe uikopee njia hii kila unapopata mashaka, kwa kuwa haimuudhi msomaji wa upande wowote, na isitoshe ndivyo tunavyofanya katika Kiswahili: kamati hupitisha azimio, lakini wanaotofautiana ni wajumbe wa kamati.

Sasa niirudie picha yako, kwa kuwa ina jambo ambalo ninyi nyote wawili hamkuliona. Mstari wa pili chini ya ile kalamu nyekundu unasomeka “The committee has received the quotation and will give their answer on Friday”. Kitenzi “has” kimeifanya kamati kuwa kitu kimoja. Kisha “their”, katika sentensi hiyo hiyo, imeigeuza kuwa watu wengi. Katika mazungumzo Waingereza na Wamarekani husema hivyo kila siku na hakuna anayeshtuka, lakini katika muhtasari utakaohifadhiwa kwenye jalada na kusomwa na mkaguzi, mchanganyiko huo ndio unaostahili kalamu nyekundu kuliko lile “have” lako. Andika “has” pamoja na “its”, au “have” pamoja na “their”, na ukishachagua katika aya ya kwanza uende hivyo hivyo hadi kwenye sahihi ya mwenyekiti. Kwa kuwa mwenyekiti ndiye atakayetia sahihi, mimi ningechagua “has” na kuinusuru amani ya kikao.

Uchaguzi wa namna hii si wa leo, wala haukukoma kwenye kamati. Marekani yenyewe, kama jina la nchi, iliwahi kuhesabiwa kwa wingi. Marekebisho ya 13 ya Katiba yao, yaliyopiga marufuku utumwa mwaka 1865, yanataja “the United States, or any place subject to their jurisdiction”, yaani mamlaka “yao”, yale majimbo. Leo Mmarekani yeyote husema “the United States is”, na angeandika “its”. Herufi “s” ya mwisho imebaki pale pale; kilichobadilika ni namna watu wanavyoiona nchi yao.

Kabla sijaliacha swali lako, jihadhari na jozi moja inayowasumbua sana waandishi wa mihtasari. “A number of members were absent” huenda kwa wingi, kwa kuwa maana yake ni wajumbe kadhaa; “the number of members was nine” huenda kwa umoja, kwa kuwa kinachozungumzwa ni idadi yenyewe.

SWALI: Mwalimu, katika taarifa ya chanjo ya mifugo niliandika “The cattle was vaccinated”, nikaambiwa nimekosea. Je, hapa nako si suala la kuchagua? (Msomaji, Kongwa)

JIBU: Hapana, hapa hakuna kuchagua. “Cattle” ni wingi siku zote, London na Chicago vilevile, kwa hiyo andika “The cattle were vaccinated”. Neno hili halina umoja wake, na ng'ombe mmoja aliyevunjika mguu huwezi kumwita “a cattle”. Itakubidi useme kama ni “cow”, “bull” au “calf”. Ukitaka kuhesabu, unaweza kusema “forty head of cattle”, na hilo “head” haliongezwi “s” hata kama ng'ombe ni elfu moja. Lakini ukilitaja kundi lenyewe, “the herd”, unarudi kwenye kanuni ya kamati, na “the herd was vaccinated” ni sahihi kabisa.

“Police” nalo ni hivyo hivyo, na hapa Kiswahili chetu ndicho kinachotuponza. Tumezoea kusoma “Polisi imesema”, tukiwa na maana ya Jeshi la Polisi, kisha tunaihamishia “imesema” hiyo kwenye Kiingereza na kuandika “the police has said”. Inatakiwa kuwa “the police have said”. Upande wa pili kuna “furniture”, “equipment” na “information”, ambayo hubaki katika umoja hata kama chumba kimejaa viti hadi mlangoni. Kwa sababu sisi tuna vifaa na taarifa nyingi, tunabandika “s” na kupata “equipments” na “informations”, maneno ninayoyaona kwenye mabango ya zabuni karibu kila wiki.

SWALI: Nikisikiliza mpira redioni, mtangazaji mmoja husema “Dodoma Jiji imeshinda”, na mwenzake husema “Dodoma Jiji wameshinda”. Je, huku si kuiga Kiingereza? (Msomaji, Mpwapwa)

JIBU: Sioni dalili ya kuiga. Anayesema “imeshinda” amelificha neno “timu” nyuma ya jina, na upatanisho wake unalifuata neno hilo lililofichwa. Anayesema “wameshinda” anawaona vijana kumi na mmoja wanaokimbia uwanjani. Ni jicho lile lile la Mwingereza anayesema “England are winning”, lakini Kiswahili kimelifikia kwa njia yake chenyewe, kupitia ngeli. Katika habari iliyoandikwa mimi huchagua “imeshinda”. Katika utangazaji wa papo kwa papo sina ugomvi na “wameshinda”. Ninachokwepa ni umoja wa kiumbe hai, hasa kwa timu zenye majina ya wanyama. Simba ikifungwa, mashabiki wake husikitika. Wasikilizaji wote huelewa. Lakini ukitangaza kwamba “Simba amefungwa”, kuna atakayeuliza ni nani aliyethubutu kumkaribia na kamba.