Maswali ya Wasomaji: Utafiti wa Soko Kabla ya Kuunda Programu ya Simu

Safari hii tumekusanya maswali ya wasomaji wanaotaka kuunda programu za simu na wanajiuliza waanzie wapi kulichunguza soko. Barua ndefu tumezifupisha, na zinazofanana tumeziunganisha.

Nataka kutengeneza programu ya kuwasaidia mafundi cherehani kuhifadhi vipimo vya wateja. Nilisambaza dodoso kwenye makundi yangu ya WhatsApp. Watu 60 walijibu, na 52 kati yao wamesema wataitumia. Je, nianze kazi?
*Mwanafunzi wa kompyuta*

Subiri kwanza. Kati ya hao 60, mafundi cherehani ni wangapi? Makundi yako yamejaa watu wanaokupenda na wasiotaka kukuvunja moyo. Halafu swali lenyewe, "Je, utaitumia?", linahusu siku ambazo hazijafika, na kusema ndiyo hakumgharimu mtu chochote. Idadi kubwa ya majibu ya namna hiyo haikusogezi popote.

Uliza mambo yaliyokwisha kutokea. Mteja wa zamani alipokuja mara ya mwisho kushonesha nguo mpya, vipimo vyake ulivipata wapi? Ulivitafuta kwa muda gani? Umewahi kuharibu kitambaa kwa sababu kipimo kilipotea au kilikosewa, na nani aliyelipa? Umejaribu njia gani nyingine ya kuvihifadhi, na kwa nini uliiacha? Katika dakika 20 za mwanzo usiitaje programu yako kabisa. Ukishaitaja, fundi anaacha kukueleza kazi yake na anaanza kukupa moyo.

Kisha mwombe akuonyeshe daftari lake, na hapa usiwe na haraka. Mara nyingi utakuta safu ya tarakimu zisizo na maelezo, kwa sababu mpangilio wa bega, kifua, kiuno, nyonga na urefu wa mkono anao kichwani. Pembeni kuna mchoro wa shingo ya gauni, kipande cha kitambaa kilichobanwa kwa pini, na kiasi cha malipo ya awali kilichozungushiwa duara. Ukurasa huo mmoja unaweza kukufundisha kwamba fomu yenye visanduku 12 itamchelewesha, au kwamba kinachomsumbua zaidi ni kukumbuka nani bado anadaiwa na nguo ya nani inatoka lini. Tazama na simu yake: imebakiwa na nafasi kiasi gani, toleo lake la Android ni lipi, anaishika yeye peke yake au anaitumia pamoja na wengine? Mtu ambaye hufuta picha ili apate nafasi ya video moja hatapakua programu nzito, hata ikiwa nzuri namna gani.

Anza na mahojiano 12 hadi 15 ya watu wa aina moja. Watafiti Guest, Bunce na Johnson, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2006 na uliotokana na mahojiano 60 na wanawake wa Ghana na Nigeria, waligundua kwamba mada karibu zote zilikuwa zimeshajitokeza katika mahojiano 12 ya kwanza. Sharti ni kwamba wahojiwa wafanane. Fundi anayefanya kazi peke yake na mwenye karakana ya vyerehani kumi ni makundi mawili, na kila moja linahitaji mahojiano yake.

Ikiwezekana nendeni wawili, mmoja aulize na mwingine aandike. Andikeni maneno ya fundi kama alivyoyasema, na mkitaka kurekodi ombeni ruhusa kwanza. Jioni hiyo hiyo hamishieni kwenye jedwali lenye safu nne: kilichotokea, hutokea mara ngapi, kilimgharimu nini, na sasa anafanyaje. Safu ya tatu ndiyo ya kusoma kwa makini zaidi. Kero ambayo haijamla mtu muda wala pesa, na ambayo hajawahi hata kujaribu kuitatua, hatalipia dawa yake.

Dodoso linahitaji watu wangapi ili liaminike? Nimesoma mahali kwamba watano wanatosha.
*Mbunifu wa kurasa za tovuti*

Hiyo tano ina historia yake. Mwaka 2000 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi ya tovuti na programu, aliandika kwamba kwa kujaribu mfumo na watumiaji watano unaweza kugundua takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi. Alizungumzia vikwazo kwenye skrini: kitufe kisichoonekana, fomu inayochanganya. Hakuzungumzia ukubwa wa soko. Watano watakuonyesha kwamba kitufe cha kuhifadhi kimejificha. Hawawezi kukuambia ni mafundi wangapi watalipa.

Kwa dodoso linalokadiria asilimia ya kundi kubwa, hesabu ya kawaida ni hii: kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, watu 384 wanakupa makadirio yenye kosa la asilimia 5 juu au chini, na watu 96 wanakupa kosa la asilimia 10. Kwa uamuzi wa mwanzo, 100 kwa kawaida wanatosha. Lakini hesabu hiyo inadai sampuli iwe imechaguliwa kwa nasibu, yaani kila mtu awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa, kutoka kundi unalolilenga. Kiungo kilichosambazwa mtandaoni kinajibiwa na wenye bando, wenye muda na wanaokufahamu, na hata wakifika 1,000 kasoro hiyo inabaki pale pale.

Weka swali la kuchuja mwanzoni, mfano "Katika siku 30 zilizopita umeshona nguo za wateja wangapi?", na anayejibu sifuri aishie hapo. Dodoso lisizidi maswali 10. Na lije baada ya mahojiano, maana kabla ya kuwasikiliza watu hujui chaguo zipi uwawekee kwenye majibu.

Nimekuta programu nne zinazofanana na wazo langu. Niachane nalo?
*Msanidi programu anayejitegemea*

Kuwepo kwa washindani ni dalili kwamba kuna mtu aliyeona uhitaji. Unachopaswa kujua ni kama walishindwa, na walishindwa wapi.

Google Play huonyesha idadi ya upakuaji kwa viwango: 1,000+, 5,000+, 10,000+, 50,000+ na kuendelea. Soma kiwango hicho pamoja na tarehe ya sasisho la mwisho. Programu yenye 50,000+ ambayo haijasasishwa kwa miaka mitatu inaonyesha kwamba watu waliitafuta na mwenyewe akaiacha. Chunguza kwa nini. App Store ya Apple haionyeshi upakuaji, kwa hiyo huko tegemea idadi ya waliotoa nyota na tarehe za maoni. Usisahau kwamba nyota na maoni ya App Store hutofautiana nchi kwa nchi.

Maoni ya nyota tano huwa mafupi na hayana mengi. Soma ya nyota mbili na tatu, kwa sababu huyo ni mtu aliyeitaka programu, akaitumia, akakwama. Kusanya 100 kwa kila mshindani na uyapange kwa sababu: data imepotea baada ya kubadilisha simu, haifanyi kazi bila intaneti, inalazimisha kujisajili, matangazo yamezidi, malipo yamekatwa bila taarifa. Sababu ikijirudia kwa washindani watatu kati ya wanne, hapo una nafasi ya kuingilia. Sakinisha zote nne, uzitumie kwa wiki nzima, na upime idadi ya hatua kutoka kufungua hadi kumaliza kazi moja.

Kwenye orodha ya washindani ongeza daftari, kumbukumbu ya kichwa na ujumbe wa WhatsApp. Hivi havilipiwi, havihitaji mafunzo, na ndivyo vinavyoziangusha programu nyingi mpya.

Chombo cha Google Trends nacho kinasaidia kulinganisha maneno yanayotafutwa, ila namba zake za 0 hadi 100 ni uwiano. Mia moja ni kilele cha utafutaji katika kipindi na eneo ulilochagua. Si watu mia moja wala utafutaji mia moja.

Nikiwahoji watu, si wataniibia wazo?
*Msomaji*

Hatari hiyo ni ndogo ukilinganisha na ya kujenga kitu kisichotakiwa. Isitoshe, mahojiano tuliyoyaeleza hapo juu hayakuhitaji ulitaje wazo lako; unauliza kuhusu kazi ya mtu na kero zake.

Nipangeje bei wakati bidhaa haipo?
*Mjasiriamali*

Kuna njia ya Peter van Westendorp, mchumi wa Uholanzi, ya mwaka 1976. Humuulizi mtu angelipa kiasi gani. Unamuuliza mambo manne: bei gani ingekuwa kubwa mno hata asinunue, bei gani ingeanza kuonekana ghali lakini bado angeifikiria, bei gani angeiona nafuu, na bei gani ingekuwa ndogo mno hata atilie shaka ubora wake. Ukichora majibu hayo kama mistari minne kwenye grafu moja, sehemu inapokutana inakupa ukanda wa bei zinazovumilika. Muonyeshe kwanza michoro ya skrini, la sivyo anakadiria bei ya kitu asichokijua.

Ukanda huo ni maneno bado. Chukua bei iliyo katikati yake na uwaombe watu walipie mwezi wa kwanza sasa hivi, kwa ahadi ya maandishi kwamba fedha zitarudishwa programu isipotoka kufikia tarehe mtakayokubaliana. Aliyesema "nafuu sana" jana huwa na mengi ya kueleza anapoombwa kutoa hela. Maelezo hayo yaandike yote.

Kwenye hesabu zako toa kamisheni ya maduka ya programu. Kwa huduma za kidijitali, kwa miaka mingi viwango vimekuwa asilimia 15 kwa wasanidi wadogo waliotimiza masharti na 30 kwa wengine. Soma masharti ya sasa kabla ya kupanga. Akaunti ya msanidi kwa Apple ni dola 99 kila mwaka, kwa Google Play ni dola 25 mara moja tu.

Naweza kulijaribu soko bila kuandika hata mstari mmoja wa msimbo?
*Mhasibu mwenye wazo*

Unaweza, na ndivyo tunavyoshauri. Mwaka 1999 Nick Swinmurn alipoanzisha biashara iliyokuja kuitwa Zappos, alipiga picha viatu madukani na kuviweka kwenye tovuti. Mtu akiagiza, alikwenda kuvinunua dukani kwa bei ya kawaida na kumtumia. Kwa kila jozi hakupata faida, ila alipata jibu: watu wako tayari kununua viatu mtandaoni.

Fanya vivyo hivyo kwa mikono. Chukua mafundi watano, na kwa wiki nne wewe uwe ndiyo programu. Wakutumie picha za kurasa za daftari kwa WhatsApp, uziingize kwenye jedwali, na wakihitaji vipimo vya mteja waulize nawe ujibu ndani ya dakika chache. Hesabu maombi ya kila fundi kwa kila wiki. Yakishuka hadi sifuri wiki ya tatu, na yanarudi tu ukiwakumbusha, usijidanganye kwamba arifa za programu zitafanya kazi ambayo wewe mwenyewe hukuiweza. Yakipanda, au fundi akimleta mwenzake bila kuombwa, endelea.

Njia ya pili ni ukurasa mmoja wa tovuti: sentensi moja inayotaja kero, picha ya skrini, bei, na sehemu ya kuacha namba ya simu. Bei usiifiche, maana bila hiyo unapima udadisi tu. Hapa wengi hukosea kwenye tafsiri ya namba. Wageni 200 wakifika kupitia tangazo na 10 wakaacha namba, hiyo ni asilimia 5, lakini kwa sampuli ndogo hivyo kiwango halisi kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 3 na 9. Usibadilishe rangi ya kitufe leo na kushangilia asilimia 6 kesho. Wapigie hao 10 ndani ya siku mbili. Watakaopokea na kukubali kukutana ndio wa kuhesabu, kwa sababu mibofyo mingine ya matangazo ni kidole kilichoteleza.

Kabla ya kuanza jaribio lolote, andika kwenye karatasi kiwango cha kuendelea na kiwango cha kuacha, uweke tarehe, umpe mtu akutunzie. Matokeo yakishatoka, kila mwenye wazo hupata sababu ya kuyasifu.

Mtaji ninao. Kwa nini nisitengeneze haraka kisha nitangaze kwa nguvu?
*Mwekezaji*

Quibi, huduma ya video fupi za kutazama kwenye simu, ilikusanya takriban dola bilioni 1.75, ikazinduliwa Marekani Aprili 2020, na ikafungwa Desemba mwaka huo huo. Ilitegemea dhana kwamba watu watalipia vipindi vya chini ya dakika 10, huku video fupi za bure zikiwa zimejaa kwenye simu zile zile. Matangazo huleta watu mlangoni. Dhana hiyo hayaigusi.

Utafiti umeonyesha niendelee. Namba za niliowahoji nizifute?
*Mwanafunzi wa kompyuta*

Waombe ruhusa ya kuzitunza, na uwaambie utazitumia kwa nini; asiyekubali, futa yake. Utazihitaji mapema kuliko unavyodhani: mwenye akaunti binafsi ya Google Play iliyofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 analazimika kufanya jaribio lililofungwa (closed testing), la walioalikwa tu, lenye watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuomba kuichapisha programu. Wengi hufika hatua hiyo na kuanza kuokoteza ndugu na marafiki, ambao huisakinisha na kutoifungua tena. Wewe una mafundi 12 walioieleza kero hiyo kwa vinywa vyao. Waalike 15 au zaidi, kwa sababu wapo watakaobadilisha simu au kujitoa katikati, na idadi isishuke chini ya 12 ndani ya siku hizo.